Posho Haizimi Kiu

Wako watu wasemao kwamba mtumishi wa serikali apelekwaye Turkana, Marsabit au Mandera hana haki ya kulalamika, kwa kuwa hulipwa posho ya mazingira magumu juu ya mshahara wake. Maneno hayo yawapendeza wakaao mijini, lakini hayana kweli ndani yake.

Je, fedha hunywewa? Penye kisima kikavu, noti elfu hazijazi mtungi mmoja. Pasipo nyumba ya kupanga, posho ya nyumba ni karatasi tu. Muuguzi azalishaye mama usiku kwa mwanga wa kurunzi hahitaji nyongeza ya shilingi saa ile. Ahitaji taa, maji safi, na mahali pa kulaza ubavu kazi iishapo. Vitu hivyo si anasa. Ni vyombo vya kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima.

Wengine husingizia umbali. Basi na watazame karibu na Loiyangalani, upande wa Ziwa Turkana. Huko ilisimamishwa mitambo 365 ya upepo, na tangu mwaka 2018 umeme wake husafiri kwa nyaya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Ikiwa umbali haukuuzuia umeme kutoka huko, wawezaje kuwa sababu ya kuinyima zahanati taa moja?

Chanzo cha upungufu huu ni cha zamani. Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwanza katika sehemu zenye rutuba na mvua. Nchi kavu zikaachwa nyuma. Katiba ya mwaka 2010 ilikuja kusahihisha kosa hilo. Kifungu cha 41 champa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa, na kifungu cha 204 chaanzisha Hazina ya Usawazishaji, ili maji, barabara, afya na umeme viwafikie waliosahauliwa. Sheria ipo, lililobaki ni kuitimiza.

Enyi vijana, msidhani kuwa twamlilia mtumishi peke yake. Yeye akishindwa huomba uhamisho, akaenda zake. Abakiaye ni mtoto mbele ya ubao usioandikwa, na mgonjwa mlangoni pa zahanati iliyofungwa. Kesho baadhi yenu mtaketi katika ofisi zigawazo fedha hizo. Kumbukeni siku hiyo ya kwamba nyumba ya mwalimu ni sehemu ya shule, nayo ijengwe pamoja na darasa.