Pikipiki zipimwe mlio, si taa na breki tu



Nina dukuduku kuhusu pikipiki zinazopita vijijini mwetu zikiwa zimetobolewa ekzosi. Nasema zimetobolewa kwa sababu hazikutoka kiwandani hivyo. Nyingi za pikipiki zetu za abiria zimetengenezwa na kampuni za India, na sheria ya huko inataka pikipiki mpya yenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 80 hadi 175, yaani ukubwa huuhuu wa bodaboda zetu, isizidi desibeli 77 inapopita meta saba na nusu kutoka kwenye kipimo. Ndani ya ekzosi mna vyumba na vijibomba vya kumeza mlio. Huku kwetu kijana akishakabidhiwa chombo huenda kwa fundi, wakakata, wakachomoa vya ndani, wakachomelea tena. Kuanzia hapo kijiji kizima kinajua kijana fulani ana pikipiki.

Mimi si adui wa bodaboda. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane hatumwiti mwalimu, tunamwita kijana wa kijiweni, na huja. Lakini sababu wanazozitoa juu ya ekzosi hazinitoshi. Wengine husema mlio huwaokoa barabarani kwa kuwa wenye magari huwasikia. Ekzosi inatazama nyuma, na gari la kumgonga mara nyingi liko mbele yake au linachomoza njia panda. Kwa kazi hiyo pana honi na taa. Wengine husema pikipiki hupata nguvu. Sijaona ikipanda mlima kwa haraka zaidi na mishikaki yake mgongoni. Sababu ya kweli ni fahari, na fahari ya ujana naielewa, ila hii inalipiwa na watoto wasiopanda hiyo pikipiki.

Shule nyingi za vijijini ziko kando ya barabara. Madirisha yana nondo bila vioo, juu ni bati bila dari. Mwalimu wa darasa la kwanza anafundisha kutofautisha ba na pa, da na ta. Irabu husikika hata katika vurugu, bali konsonanti ni sauti dhaifu, ndizo hufunikwa kwanza. Mtoto wa dawati la nyuma anasikia "a" tu, kisha anaandika analobahatisha, na mwalimu anadhani ni mzito wa kuelewa. Pikipiki moja ikipita, somo linasimama. Zikipita kumi katika kipindi kimoja, hesabu mwenyewe kinachobaki.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1975 mtafiti wa Marekani, Arline Bronzaft, pamoja na mwenzake, walitoa matokeo ya uchunguzi wa shule moja ya New York iliyopakana na reli ya juu. Watoto wa vyumba vya upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo hilohilo, na kufikia darasa la sita tofauti ilikaribia mwaka mzima. Baadaye reli ikawekewa mipira na madarasa dari za kunyonya sauti. Uchunguzi wa 1981 haukuikuta tena tofauti hiyo. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 1999, lilishauri kelele darasani wakati wa somo zisizidi desibeli 35.

Nimewahi kuambiwa kwamba mlio wa pikipiki haupimiki, eti kila mtu na sikio lake. Basi tuwatazame wanaopenda mwendo kuliko sisi sote. Uingereza kuna viwanja vya mashindano ambavyo siku nyingine hufunguliwa kwa mtu yeyote mwenye pikipiki alipe ada aende kasi apendavyo. Kabla hajaingia, chombo chake hupimwa. Kipimo huwekwa nusu meta kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45, mahali pa wazi pasipo ukuta wa kurudisha sauti. Injini huvumishwa kwa mizunguko iliyopangwa kwa aina yake, kisha namba husomwa. Viwanja vingi huko mpaka wao ni desibeli 105. Ukizidi, unarekebisha ekzosi au unarudi nyumbani. Hawafanyi hivyo kwa upole tu. Viwanja hivyo vina majirani, na majirani huenda mahakamani: mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwapa haki wakazi wa nyumba isiyofika kilomita moja kutoka uwanja wa pikipiki huko Suffolk, ingawa uwanja ulikuwapo miaka mingi kabla ya wao kuinunua nyumba hiyo mwaka 2006.

Msomaji asidhani desibeli 105 ni nyingi mno akazilinganisha na zile 77 za India. Umbali haufanani, na hata namna ya kupima si moja. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu mlio hupungua kama desibeli 6. Kwa nusu meta ni 105, kwa meta moja 99, kwa mbili 93, kwa nne 87, kwa nane 81. Mwalimu anayezungumza kawaida hutoa kama desibeli 60 kwa umbali wa meta moja. Tofauti ya desibeli 20 maana yake ni nguvu ya sauti mara 100. Kwa hiyo hata pikipiki iliyofaulu mtihani wa uwanja wa mashindano ingemfunika mwalimu ikipita meta nane kutoka dirishani. Za kwetu hazijapimwa kabisa.

Sheria hatuzikosi. Tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na chini yake zikatolewa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo mwaka 2015. Ninachokikosa ni kipimo kufika kijijini. Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama askari hukagua taa, breki na matairi, kisha stika hubandikwa. Kwa nini mlio usiwemo? Nashauri kila wilaya iwe na kipimo kimoja halali (programu za simu hazifai kumtoza mtu faini) kizunguke kata kwa kata kwa ratiba iliyotangazwa. Uwanja wa mpira unatosha. Mwenyekiti wa kijiwe awepo, namba isomwe mbele ya mwenye chombo, na anayezidi apewe siku 14 kurudisha vya ndani ya ekzosi kabla ya faini. Mafundi nao waonywe, maana kijana hatoboi mwenyewe.

Tena kipimo kitawalinda madereva wenyewe. Leo kijana akisimamishwa kwa kelele anahukumiwa kwa sikio la aliyemsimamisha, na hapo ndipo mazungumzo ya pembeni yanapoanzia.

Nawaomba wanaohusika na usalama barabarani na wanaohusika na mazingira wakubaliane nani anashika kifaa hicho, kisha watujibu kupitia gazeti hili kitafika lini wilayani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mvomero, Morogoro.