Anga la Juu Laelezeka kwa Kiswahili

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na methali tu, na kwamba somo likishafika anga la juu, lugha hii huishiwa na pumzi. Dai hili nimelisikia hata vyuoni, nami napenda kulipinga kwa mfano mmoja.

Sisi tuliolelewa na redio ya betri twakumbuka kwamba stesheni ya mbali ya masafa ya kati, isiyosikika kabisa mchana, husikika waziwazi usiku. Kwa nini? Miale ya jua hung'oa elektroni kutoka kwa chembe za hewa ya juu. Tabaka la chini kabisa la hewa hiyo yenye chaji, lililo baina ya kilomita 60 na 90 hivi kutoka ardhini, huitwa D. Hapo hewa bado ni nzito kiasi. Elektroni zikitikiswa na mawimbi ya redio hugongana na chembe nyingine, na nguvu ya mawimbi hupotea. Jua likitua, elektroni nyingi huungana tena na chembe, tabaka la D hufifia, nayo mawimbi hupenya hadi matabaka ya E na F, ambayo huyarudisha ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka.

Je, msomaji, pana lolote hapo lililotushinda kulieleza?

Hata majina yenyewe hayana miujiza. Mwingereza Edward Appleton, aliyeanza kuthibitisha kuwapo kwa matabaka haya mwaka 1924 na kutunukiwa Nobel mwaka 1947, alitwaa herufi E kutokana na alama ya uga wa umeme katika hesabu zake. Yalipojulikana mengine, akayaita F na D.

Nakiri kwamba istilahi zetu hazijasanifishwa vya kutosha. Kitabu hiki husema hivi, kile vile. Lakini istilahi hukomazwa na matumizi, si na kusubiri. Mwanafunzi anayeandika neno 'ionosfia' katika mtihani, asiweze kumweleza nyanya yake kwa nini redio hunyamaza mchana, amekariri, hajaelimika.

Nawasihi walimu wa sayansi na wa Kiswahili waketi pamoja. Jambo lielezwe kwanza kwa lugha inayoeleweka, kisha lipewe jina.