Kasi ya Lenzi Ipimwe Msituni

Juu ya mji wa Tukuyu, katika msitu wa Mlima Rungwe, huishi kima ambaye wenyeji humwita kipunji. Watafiti wa Wildlife Conservation Society walimwona mwaka 2003, baada ya kufuatilia masimulizi ya wawindaji wa sehemu hizo. Maelezo ya kwanza ya kisayansi juu yake, yaliyotolewa katika jarida la Science mwaka 2005, yalitegemea picha, kwani hapakuwa na mzoga wa kuchunguza. Baadaye kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima. Ndipo mwili wake ulipochunguzwa, na mwaka 2006 akawekwa katika jenasi mpya, Rungwecebus. Kwa muda huo wa kwanza, picha ndiyo iliyokuwa shahidi.

Kwa sababu hiyo, kuuliza ni lenzi ipi ya zumu inayowahi kupata fokasi ya kitu cha mbali si jambo la anasa. Lililo kosa ni namna swali hilo linavyojibiwa. Aghalabu hutajwa sehemu ya sekunde, kana kwamba kasi ni sifa ya lenzi peke yake, kama ulivyo uzito wake. Kasi hutokana na mambo manne kwa pamoja: lenzi, kamera, mwanga, na kitu kinachopigwa picha.

Tuanze na lenzi. Kila mwanafunzi wa fizikia anaijua kanuni inayounganisha umbali wa kitu, umbali wa taswira na urefu wa fokasi. Kitu kikisogea kutoka mita 20 hadi mita 5, lenzi sahili ya milimita 50 huhitaji kusogezwa kiasi cha milimita 0.4 tu. Lenzi ya milimita 400 huhitaji milimita 27 hivi. Watengenezaji hupunguza safari hiyo kwa kusogeza kundi dogo tu la vioo vya ndani. Hata hivyo mota bado ina kazi kubwa. Kamera ya Minolta 7000 ya mwaka 1985 ilikuwa na mota ndani ya kamera yenyewe. Canon, katika mfumo wake wa EOS wa mwaka 1987, iliweka mota ndani ya kila lenzi, ili kila lenzi ipate mota inayolingana na mzigo wake.

Lakini mota hutii amri tu. Kamera nyingi hulinganisha taswira mbili zilizopita pande mbili za lenzi, zikajua mara moja upande wa kusogea na kiasi chake. Nyingine husogeza lenzi mbele na nyuma zikitafuta mahali ambapo tofauti ya mwanga na kivuli ni kubwa kupita pote. Njia zote mbili huhitaji mwanga na mistari iliyo dhahiri. Rungwe, yenye mvua nyingi, ukungu mzito na miti iliyofungamana, hunyima vyote viwili. Hapo lenzi iliyosifiwa katika chumba chenye taa kali huweza kwenda na kurudi bila kushika kitu, au ikashika jani lililo mbele ya mnyama. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Yuko atakayesema kwamba kasi ni kasi popote. Neno lake lina ukweli. Kima anayeruka kuelekea kamera kwa mita 4 kwa sekunde husogea mita nzima katika robo sekunde. Kwa lenzi ya milimita 400 yenye tundu la f/5.6, eneo la mbele na nyuma linaloonekana wazi kwa umbali wa mita 20 halizidi sana sentimita 80. Anayechelewa hukosa. Lakini aliyewahi kushika jani amekosa vilevile.

Kipimo cha haki, basi, ni idadi ya picha zilizo wazi kati ya picha zote zilizojaribiwa, kwa mwanga uleule, umbali uleule na kitu kilekile. Kisha jaribio lirudiwe katika mwanga hafifu. Shule isiyo na kamera haikosi somo. Lenzi mbinuko, mshumaa na karatasi nyeupe vyatosha: wanafunzi wapime muda wa kupata taswira iliyo wazi, kisha waweke karatasi iliyopakwa mafuta mbele ya mshumaa kama ukungu, wapime tena. Wataona kwamba lenzi ni ileile, ila muda umebadilika.

Mwalimu akiwazoeza hivyo, kila watakapotajiwa nambari ya kasi hawatakosa kuuliza: imepimwa wapi, na kwa mwanga gani?