Lindo Lisiloachwa Wazi

Juma hili napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhani kuwa la walimu peke yao, nalo ni yale yanayotendeka shuleni katika miezi ya mwisho ya mtoto anayehitimu kidato cha nne au kidato cha sita. Mzazi hulipa ada miaka minne au sita, hununua godoro, sanduku la bati, sare na vitabu; kisha, inapofika saa ya kumpokea mwanawe akiwa amemaliza, hujikuta hajui siku, hajui saa, wala hajui ni nani aliyemchukua. Nayasema haya nikijua kwamba mimi mwenyewe nina deni katika habari hii.

Mwaka 2018 nilikuwa nikifundisha katika shule ya msingi iliyo jirani na kambi moja ya jeshi hapa nchini Uganda. Nilikuwa na cheti cha ualimu, nikiishi karibu na nyumba za askari, na akina mama waliniletea barua zao niwasomee, kwa kuwa barua za shule za sekondari huandikwa kwa Kiingereza, hali wengi wao husoma Kiswahili na lugha za kwao. Mmoja wao alikuwa mke wa sajenti aliyekuwa Mogadishu katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Afrika. Binti yao mkubwa alikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni, mwendo wa saa tatu kwa basi.

Jumapili moja mwishoni mwa Septemba mama huyo alikwenda kumtembelea bintiye, naye binti akampa barua ya shule. Mama akauliza, "Inasema nini?" Binti akajibu, "Ni habari za ada tu, mama, na wewe umekwisha kulipa." Mama hakutosheka. Jioni yake alinipitia na barua mkononi. Nilikuwa nimezungukwa na madaftari ya kusahihisha, nikamwambia, "Nitakusomea kesho, mama." Kesho hiyo haikufika. Barua ikawekwa katika mfuko wa vyeti na kadi za kliniki, ikalala humo majuma saba.

Katikati ya Novemba binti alipiga simu kwa mama yake, akasema kila mwanafunzi anatakiwa kutoa shilingi 100,000 za sherehe ya kuagana, na kwamba shule itafungwa Jumamosi. Mama akauza kuku watano, akakopa zilizobaki katika chama cha akiba cha wake wa askari, akazituma kwa simu katika namba aliyopewa. Siku ya Jumatano, jioni, sajenti alipata nafasi ya kupiga simu kutoka Somalia. Akamwambia mkewe, "Nipe mtoto nimpongeze, nasikia mitihani inakwisha." Mama akajibu kwamba mtoto angali shuleni. Sajenti akapiga simu shuleni. Mwalimu wa zamu akamjibu kwa adabu, "Afande, binti yako alifanya karatasi yake ya mwisho asubuhi. Aliondoka saa nane mchana na wenzake, akasema mama yake anamngoja katika kituo cha basi."

Saa tatu ya usiku huo mama yule alibisha mlangoni pangu. Hakulia wala hakunilaumu. Alininyoshea barua, akasema, "Mwalimu, nisomee sasa." Niliisoma kwa mwanga wa kurunzi, na kila jambo lilikuwamo. Sherehe ya kuagana ingefanywa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, mchango wake shilingi 20,000, ulipwe kwa mhasibu na risiti ichukuliwe. Hapatakuwa na mchango mwingine. Ratiba ya mitihani ilikuwamo. Mwisho paliandikwa kwamba kila mzazi afike siku ya karatasi ya mwisho ya mwanawe kabla ya saa saba mchana, na kwamba baada ya hapo shule haitakuwa na bweni kwa watahiniwa waliomaliza.

Binti alipatikana kesho yake adhuhuri. Vijana kumi na mmoja walikuwa wamekodi chumba mjini wafanye sherehe yao wenyewe. Kijana mmoja mkubwa, asiyekuwa mwanafunzi, alikuwa amepokea fedha zote, kisha akatoweka nazo, wakabaki hawana nauli na wanaogopa kurudi. Binti alikuwa mzima. Sote tunajua kwamba si kila mzazi aliyewahi kupata bahati hiyo.

Mwaka uliofuata sajenti alirudi nyumbani, nikaenda kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, kwetu mlinzi haondoki lindoni kabla mwenzake hajafika. Anayetoka na anayeingia huonana uso kwa uso, wakakabidhiana, ikaandikwa kitabuni. Shule ilitoka lindoni saa nane. Sisi tulipanga kuingia Jumamosi. Katikati hapakuwa na mtu."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo ilipo shabaha ya mazungumzo yetu. Mwisho wa masomo ni makabidhiano ya lindo. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imeutaja wajibu wa Serikali, wa wazazi na walezi, na wa wengine wanaohusika na elimu. Wala haikusema kwamba wajibu huo hupumzika siku chache kati ya mlango wa shule na mlango wa nyumbani. Tena kosa halikuwa la mtu mmoja. Shule iliandika barua lakini ikamtuma mtoto kuwa tarishi wa habari zinazomhusu yeye mwenyewe. Mtoto alificha. Mama alinyamaza baada ya kuuliza mara moja. Mimi niliahirisha. Mambo manne madogo yakakutana, lindo likabaki wazi.

Basi yafaa tuyatazame kwa utaratibu yale ambayo mzazi wa mtahiniwa hana budi kuyajua mapema, tangu muhula wa tatu unapofunguliwa.

La kwanza ni ratiba ya mitihani. Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, huanza mitihani ya kidato cha nne katika mwezi wa Oktoba, na ya kidato cha sita katika Novemba, ikaendelea hadi mapema Desemba. Kabla ya mitihani huwekwa siku moja ya kuwasomea watahiniwa kanuni, na mtahiniwa hapaswi kuikosa. Lakini lililo kubwa kwa mzazi ni hili: siku ya karatasi ya mwisho si moja kwa wote. Mtoto aliyechukua masomo ya sanaa aweza kumaliza siku kadhaa kabla ya mwenzake anayengoja karatasi ya sayansi. Kwa hiyo usiulize, "Shule inafungwa lini?" Uliza, "Mwanangu anafanya karatasi yake ya mwisho siku gani, na saa ngapi?"

La pili ni kazi zinazofanywa kabla ya mitihani. Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne ulianza mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani mwaka 2024. Katika utaratibu huo, sehemu 20 katika kila 100 za alama hutokana na kazi anazofanya mwanafunzi shuleni, pamoja na miradi yake, na sehemu 80 hutokana na mtihani wa mwisho. Mzazi akidhani kwamba kila kitu kinangoja Oktoba, atakuwa amechelewa. Yafaa amwulize mwalimu wa darasa kama kazi za mwanawe zimekamilika na alama zake zimeandikwa.

La tatu ni sherehe: siku ya maombi ya watahiniwa, picha ya darasa, chakula cha kuagana. Haya ni mambo mema, na mtoto aliyesoma kwa bidii anastahili kushangiliwa. Hata hivyo, mzazi na apate kwa maandishi siku ya sherehe, mahali pake, saa ya kumalizika, na kiasi cha mchango. Fedha zilipwe kwa mhasibu wa shule, si katika namba ya simu ya mtu asiyejulikana. Ombi lolote la fedha linalopita kinywani mwa mtoto pekee lisilipwe mpaka shule imethibitisha. Huko si kumdharau mtoto. Ni kumwondoshea kishawishi. Tena mzazi asiye na uwezo asione haya kumwambia mwalimu mkuu mapema, kuliko kumwacha mtoto akijitafutia fedha za nguo na viatu kwa watu wasio na nia njema.

La nne ni kuondoka. Mwanafunzi hurudisha vitabu vya maktaba na vifaa vya shule, na madeni yake hukaguliwa. Haya yakifanywa juma moja kabla, siku ya mwisho haitakuwa ya mabishano. Mzazi aiandikie shule jina la mtu atakayemchukua mtoto, pamoja na namba yake ya simu. Na mtu huyo, awe mama, mjomba au shangazi, afike mwenyewe na kujitambulisha kwa mwalimu wa zamu.

La tano ni matokeo. Matokeo ya kidato cha nne kwa kawaida hutangazwa katika Januari au Februari, na ya kidato cha sita hufuata mwezi mmoja hivi baadaye. Mzazi na aandike namba ya mtahiniwa wa mwanawe na kuitunza pamoja na vyeti. Kwa miaka ya karibuni imewezekana kupata matokeo kwa ujumbe wa simu, kwa kuandika UCE au UACE, kuacha nafasi, kuandika namba ya mtahiniwa, na kutuma kwa 6600. Mama aliye kambini aweza kuyapata akamjulisha baba aliye mbali siku iyo hiyo, asiyasikie kwa watu wengine.

Sasa nasema na ndugu zangu askari wa jeshi na wa polisi. Kazi yenu ina uhamisho na amri za ghafla. Leo mko Bombo, kesho Moroto, kesho kutwa nje ya mipaka. Kila mnapohamishwa, jambo la kwanza baada ya kuripoti liwe kuiarifu shule namba mpya ya simu. Shule nyingi zimetuma habari nzuri na za mapema kwa namba zilizokwisha kufa. Aidha, kabla ya safari ndefu, baba au mama anayeondoka aende shuleni pamoja na yule anayebaki, walimu wamjue kwa sura. Maana si haki kumwachia mwenzako lindo ambalo hakuonyeshwa mipaka yake.

Nawageukia pia walimu wenzangu wa zamani, kwa heshima. Barua inayobebwa na mtoto haijafika mpaka mzazi ameitia sahihi na kipande chake kimerudi shuleni. Kisipotajwa, apigiwe simu. Na barua iandikwe kwa lugha isomwayo nyumbani. Katika kambi zetu Kiswahili kinaeleweka na wengi; karatasi moja ya Kiswahili iliyoambatanishwa na ile ya Kiingereza haina gharama kubwa, nayo ingemwokoa mama yule na usiku mzima wa hofu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kuhusu watoto wenyewe, tusiwatendee kama wahalifu. Kijana wa miaka kumi na saba aliyemaliza mtihani ana furaha isiyokaa ndani ya sanduku. Akijua kwamba nyumbani kuna chakula kilichoandaliwa, na kwamba rafiki zake wawili watatu wamekaribishwa, hatakuwa na sababu kubwa ya kukodi chumba mjini. Binti yule aliniambia baadaye kwamba alidanganya kwa kuwa alidhani hakuna atakayeikumbuka siku yake: baba yuko mbali, mama ana wadogo wanne wa kuwaangalia. Hakujua kwamba baba yake alikuwa ameihesabu siku ile huko Mogadishu kwa alama za kalamu.

Aliendelea na masomo, akawa mtahiniwa wa kidato cha sita mwaka 2020, mwaka ambao maradhi ya korona yalifunga shule. Mitihani ile ilisogezwa hadi mwaka 2021, na ya kidato cha sita ikafanyika tangu Aprili mpaka mapema Mei. Ratiba nyingi zilibadilika, na wazazi wengi walichanganyikiwa. Lakini katika nyumba ya sajenti palikuwa na kipande cha karatasi ngumu ukutani, kimeandikwa kwa mkono tarehe ya kila karatasi, na kila shule ilipobadilisha, mama alipiga simu kuhakikisha, akafuta na kuandika upya.

Siku ya karatasi ya mwisho sajenti alikuwa likizoni. Alifika kwenye lango la shule saa nne asubuhi, amevaa nguo za kiraia, akaketi juu ya jiwe chini ya mti. Mlinzi wa lango akamwambia, "Mzee, mtihani unakwisha saa sita." Akamjibu, "Najua. Mimi huwahi lindoni."

Mzazi mwenye mtahiniwa mwaka huu, usingoje kesho. Itafute barua ile iliyolala katika mfuko wa vyeti, uisome. Na wewe unayeombwa na jirani kumsomea, weka chini kalamu yako umsomee papo hapo.