Asiitwe Mvivu Kabla ya Kupimwa



Katika mashamba ya chai, kahawa na kwinini ya Kivu, na katika viwanda vinavyokausha na kufunga mazao hayo, neno "mvivu" hutolewa upesi mno. Kapita anamwona mtu aliyezoea kujaza kikapu kabla ya wenzake, sasa amebaki nyuma. Anavaa koti jua likiwaka, anasinzia saa ya mapumziko, na akiitwa haitiki mpaka mara ya pili. Anaandikwa. Anaandikwa tena. Mara ya tatu anapewa barua ya kuachishwa kazi. Sisi tunasema kwamba kabla ya barua hiyo mtu huyo apimwe tezi ya shingo.

Tezi hiyo imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya koo, na umbo lake ni kama kipepeo. Hutoa homoni inayouambia mwili uende mbio kiasi gani. Ikilegea, kila kitu hupunguza mwendo: moyo, tumbo, damu, hata mawazo. Tena ni ugonjwa usiokuja kwa jina lake. Huja umevaa nguo za magonjwa mengine.

Mama mmoja anapata hedhi nzito ya siku nyingi, damu inampungua, zahanati inampa vidonge vya kuongeza damu. Anavimeza miezi mitatu na bado amechoka, maana tezi ikilegea mwili wenyewe hutengeneza damu kidogo. Mwingine vidole vinakufa ganzi usiku. Wote husema ni kazi ya kuchuma chai, na mara nyingi ni kweli, lakini tezi iliyolegea nayo huvimbisha nyama za kiwiko cha mkono na kubana mshipa wa fahamu unaopita hapo. Mwingine hapati choo vizuri, na uzito unaongezeka hali chakula ni kile kile. Mwingine ameharibu mimba, au hashiki mimba kabisa, na lawama zote zimemwangukia yeye. Mwingine amejaa huzuni, hasemi na watu, na jamaa zake wanamtafuta aliyemroga. Ndani ya damu mafuta yanaongezeka, moyo unapiga polepole, na asipotibiwa kwa miaka moyo huo hudhoofika. Mtu mmoja aweza kuwa na karatasi nne za zahanati, kila moja na ugonjwa wake, na hakuna aliyezisoma zote pamoja.

Hatusemi kila aliyechoka ana ugonjwa huu. Wengi wetu tumechoka kwa sababu kazi ni nzito na ujira ni mdogo, na hilo halina kidonge.

Lakini sisi watu wa Kivu tuna sababu ya kuangalia shingo zetu kuliko wengine. Tezi haiwezi kufanya kazi bila iodini, ile inayoitwa madini joto. Baharini yamo, lakini katika milima yetu mvua imeyaosha kutoka udongoni tangu zamani. Tezi ikiyakosa huvimba ikijitahidi, na ndilo rovu ambalo wazee wetu wanalijua sana. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kilijulikana kwa madaktari wa dunia nzima kwa sababu hiyo. Madaktari wa Ubelgiji waliofanya uchunguzi huko katika miaka ya 1960 walikuta rovu limejaa upande wa kaskazini na ni haba upande wa kusini-magharibi, ingawa madini joto yalikosekana pande zote mbili. Tofauti ilionekana katika muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha hubaki na sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachozuia tezi kupata hata yale madini machache yaliyopo.

Kuloweka vizuri kunataka siku tatu au nne. Aliyecheleweshewa mshahara, na watoto wanalia, hangoji siku nne. Basi mshahara wa kuchelewa nao umo katika ugonjwa huu, na mwajiri asituambie ni mambo ya jikoni tu.

Mama mjamzito akikosa madini hayo, mtoto tumboni anaweza kuzaliwa kiziwi au akili yake isikue sawasawa, na hali hiyo haiponi tena. Hapo ndipo pakubwa kuliko vikapu vyote vya chai.

Wako pia wanaopata chumvi nzuri na bado tezi ikalegea, kwa kuwa mwili wenyewe umeishambulia. Watu hao huweza kupata pia kisukari cha utotoni, au mabaka meupe ya ngozi, kwa njia ile ile.

Dawa ipo, wala si ngeni. Mwaka 1891 daktari Mwingereza George Murray alimtibu mama mmoja kwa maji ya tezi ya kondoo, naye akaishi miaka 28 zaidi. Leo ni kidonge kidogo kinachoitwa levothairoksini, nacho kimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Humezwa kila siku asubuhi kwa maji matupu, nusu saa au zaidi kabla ya kula. Kisimezwe kwa kahawa, wala pamoja na vidonge vya kuongeza damu: hivyo vifuate baada ya saa nne, kwa maana vikikutana tumboni dawa ya tezi haiingii mwilini ipasavyo. Anayepewa dawa zote mbili dirisha moja, bila kuambiwa neno, anarudi kazini mgonjwa vile vile.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri kumtibu mfanyakazi na jamaa yake. Kwa hiyo wajumbe wetu, watakapokaa na waajiri juu ya mkataba wa pamoja, waweke haya mezani: mtu asiachishwe kazi kwa uzito wa mwendo kabla ya kupimwa damu, zahanati isiyo na kipimo cha tezi ipeleke damu hospitali kubwa kwa gharama ya mwajiri, wajawazito wa kambi waangaliwe kwanza. Na duka la kambi liuze chumvi yenye madini joto iliyofungwa katika pakiti, si ile ya gunia lililoachwa wazi juani na mvuani.