Mvua ya Paka na Mbwa Imetosha

Kuna biashara inayoshamiri mjini na mitandaoni: orodha za nahau za Kiingereza. Utazikuta kwenye video za dakika moja, kwenye magrupu ya WhatsApp, na kwenye vile vijitabu vyembamba vinavyopitishwa dirishani mwa daladala. Ahadi ni ileile: kariri hizi, utaongea kama Mzungu. Mimi nasema ahadi hiyo ni ya uongo, na haiishii kupoteza muda tu. Inawaumiza watu.

Tuanze na bingwa wa orodha zote, "raining cats and dogs". Sidhani kama kuna aliyemaliza sekondari Tanzania bila kukutana nayo. Tunafundishwa kwamba ukiitia kwenye insha, mwalimu atajua wewe ni mtu wa Kiingereza cha ndani. Sasa sikilizeni. Mwaka 1738 Jonathan Swift, yule wa safari za Gulliver, alichapisha kitabu cha kejeli kuhusu mazungumzo ya waungwana. Mabwana na mabibi wanakaa, wanakula, wanakunywa chai, wanaongea kutwa nzima kwa misemo iliyochakaa, na hakuna hata mmoja anayesema neno la kwake. Mvua ya paka na mbwa imo humo. Yaani karibu miaka 300 iliyopita mwandishi mkubwa wa Kiingereza aliutia msemo huu kwenye kapu la misemo ya kuchekwa, na sisi leo tunawapa watoto kama kito.

Halafu kuna suala la nani anaambiwa nini. Orodha zinasema "kick the bucket" maana yake ni kufa. Kweli. Lakini na kwetu "kukata kamba" maana yake ni kufa, na sijawahi kuona mtu anaingia msibani, anavua viatu, anakaa mkekani karibu na wafiwa na kusema, "Poleni jamani, nimesikia mzee kakata kamba." Angetolewa nje. Tunajua bila kufundishwa kwamba mzee ameaga dunia, au ametangulia mbele za haki, na kwamba kamba hukatwa kijiweni tena kwa mtu asiyetuhusu. Nahau ya Kiingereza nayo ina adabu zake hizohizo: umri wake, mahali pake, watu wake. Orodha inakupa maana na kukunyima adabu. Unapewa kisu bila mpini.

Na kila nahau ilizaliwa kwenye maisha ya watu fulani. Waingereza wamejaza lugha yao mambo ya meli na kriketi. Wamarekani wamejaza besiboli. Mmarekani akitaka makadirio ya haraka huomba "ballpark figure", na uwanja anaoutaja ni wa mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuuona. Au chukua "break the ice", ya kuondoa ukimya kati ya watu wasiojuana. Shakespeare aliitumia, nayo ni picha nzuri kwa watu ambao mito yao huganda. Sasa nenda Feri, pale soko la samaki Dar es Salaam, uwaambie unataka kuvunja barafu. Watakupa nyundo.

Mtaniuliza, madhara yako wapi? Nitawaambia nilichokiona. Miaka michache iliyopita nilikaa kwenye jopo la usaili wa waandishi wachanga, katika chombo cha habari ambacho sitakitaja. Binti mmoja alitueleza habari aliyoifuatilia ya mashine ya maji iliyokufa kijijini kwao: nani alipokea fedha, kiasi gani, risiti iko wapi. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, sentensi fupi, kila kitu kinaeleweka. Aliyemfuata, kijana mtanashati, hakuwa na habari yoyote mkononi, ila alikuwa na nahau. Alifikiri nje ya boksi, alikwenda maili ya ziada, mwisho wa siku akaleta vitu mezani. Wakubwa wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilipomtetea binti, nikajibiwa kwamba Kiingereza chake ni "cha kawaida mno." Nafasi akapewa yule kijana.

Cha kawaida! Kwa mwandishi wa habari hiyo ilipaswa kuwa sifa. George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, aliweka kanuni sita, na ya kwanza kabisa inakataza tamathali uliyozoea kuiona imechapishwa. Sisi tumeigeuza kanuni hiyo kichwa chini miguu juu. Binti aliyesema jambo lake kwa maneno yake alirudi nyumbani, na habari ya ile mashine ya maji akarudi nayo.

Wapo watakaosema: ndugu, dunia ni ya Kiingereza, kijana asipozijua nahau ataachwa. Hoja hii naiheshimu, maana Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia kuanzia kidato cha kwanza, na mwenye bosi wa kigeni hawezi kukaa anakodoa macho kila kikao. Lakini kuelewa nahau ni kitu kimoja, kuitumia ni kingine. Kuelewa ni lazima. Kutumia ni hiari, tena ya hatari. Hata wenye lugha huumia. Churchill ameandika kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia maofisa wa Uingereza na Marekani waligombana kwa muda mrefu kikaoni kuhusu kuweka jambo mezani. Kwa Mwingereza maana yake ni lijadiliwe sasa. Kwa Mmarekani, liwekwe kando. Walikuwa wanataka kitu kilekile! Mbunge wetu anayewasilisha hati mezani Dodoma anaifuata meza ya Mwingereza. Akiongea na Mmarekani, awe macho.

Ugonjwa huu una upande wa pili, na huo unanigusa kazini kila siku. Nahau tulizokariri zinarudi kwenye Kiswahili zikiwa uchi. "Mwisho wa siku timu imepata pointi tatu," wakati mechi imeisha saa kumi na mbili na siku bado haijafika usiku. Kwani "hatimaye" ina kosa gani? "Mwishowe" je? Sisemi tufunge mlango. "Mbuzi wa kafara" nayo ina ndugu yake wa Kiingereza, aliyebuniwa na William Tyndale mwaka 1530 alipokuwa akitafsiri Biblia. Lakini kwetu imekaa kama mwenyeji, kwa sababu mbuzi tunaye na kafara tunaijua. Nahau ngeni ikikuta picha inayoishi hapa, karibu. Ikikuta hewa, irudi ilikotoka.

Basi anayetaka kujifunza afanyeje? Aache kukariri mia kwa wiki, aanze kusikiliza. Akikutana na nahau kwenye riwaya au filamu, aandike nani kamwambia nani, na kwa hali gani: kwa utani, kwa hasira, kwa huzuni? Asubiri aisikie tena kwa mtu mwingine. Ajiulize kwetu jambo hilo tunalisemaje, na kama tungelisema mbele ya mama mkwe. Hapo ndipo aijaribu, na rafiki kwanza. Nahau kumi zilizopatikana hivyo zitamfaa kuliko mia tatu za vijitabu vya daladala.

Na ninyi mnaokaa upande wa pili wa meza ya usaili: mtu akimaliza kumwaga nahau zake, mwambieni arudie jambo lilelile kwa maneno ya kawaida. Akishindwa, muiteni yule binti wa mashine ya maji.