Lugha ya Kuonja: Tembo la Kombani na Wiski ya Ayalandi

Imeota mizizi miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili dhana kwamba lugha yetu ni tajiri katika mambo ya maadili, ndoa na siasa, lakini ni maskini pale mtu anapotaka kueleza ladha. Dhana hii husikika zaidi vinapotajwa vinywaji vya kigeni. Katika hoteli za Diani wiski iliyokaa miaka mingi huuzwa kwa maelezo marefu ya Kiingereza. Si mbali na hapo, katika vijiji vinavyozunguka Kombani, kwenye njia panda ya kupandia Kwale, tembo la mnazi huuzwa mangweni, na sifa zake hubaki midomoni mwa wanywaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba umaskini huo si wa lugha. Ni wa sisi tunaoisoma.

Tuitazame kwanza wiski ya Ayalandi ambayo wajuzi huisifu sana, ile inayotengenezwa kwa chungu cha shaba katika kiwanda kimoja. Hutokana na mchanganyiko wa shayiri iliyooteshwa ikawa kimea na shayiri isiyooteshwa. Desturi hiyo ilipata nguvu katika karne ya 18, kimea kilipotozwa kodi na watengenezaji wakatafuta njia ya kukipunguza. Mchanganyiko ukishachacha, hupashwa moto chunguni, na mvuke wake hukusanywa matone kwa matone, kwa kawaida mara tatu. Kisha kileo hutiwa katika mapipa ya mbao kwa muda usiopungua miaka 3. Redbreast, inayotengenezwa Midleton katika jimbo la Cork, hukaa miaka 12 katika mapipa yaliyowahi kuwa na bourbon au sherry. Mwonjaji huinusa kabla ya kuionja, akatafuta harufu ya matunda makavu, njugu, viungo na mbao.

Mfasiri akikutana na maelezo kama haya hukimbilia kusema wiski "iliyozeeka." Hapo ndipo anapokosea. Kiswahili hutenganisha kuzeeka, kuchakaa, kuiva, kupevuka na kukomaa. Wiski iliyo pipani hukomaa. Ikishatiwa chupani haikomai tena, hata ikikaa kabatini miaka 20. Tembo nalo halikomai kamwe, bali huchacha. Likiteremshwa mtini asubuhi ni tembo tamu. Baada ya saa chache ni tembo kali. Likiachwa siku kadhaa huwa siki. Katika wiski muda huongeza thamani, katika tembo muda huipunguza, na lugha yetu ina kitenzi mahususi kwa kila hali.

Utajiri huu unaanzia juu mtini. Tunda la mnazi lina jina kwa kila umri: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, na likikauka ni mbata. Mgema hasubiri safari hiyo. Hulifunga karara lingali limefumba maua, akakata ncha yake kidogo kidogo, asubuhi na jioni, ili utomvu udondoke katika chombo alichokitundika. Karara linalogemwa halizai nazi. Kwa hiyo mgema na mwenye shamba huamua mapema mti utoe nini, na uamuzi huo ni wa kiuchumi. Si ajabu kwamba Abdilatif Abdalla, katika Sauti ya Dhiki (1973), aliufanya mnazi kuwa mali inayogombaniwa.

Tuje sasa kwenye ulimi. Tuna neno ukakasi kwa kile kinachokwaruza kinywa, na hilo ndilo hasa analolitafuta mwonjaji anapozungumzia mbao za pipa. Tuna ugwadu kwa uchachu unaosisimua meno. Tuna chapwa na dufu kwa kisicho na ladha, na kukolea kwa ladha iliyofika mahali pake. Tuna riha kwa harufu njema, na shombo na uvundo kwa harufu mbaya za aina mbili tofauti. Maneno haya yamo kamusini, ila hatuyatumii kwa sababu hatujafundishwa kuonja kwa Kiswahili.

Chukueni methali ambayo kila mmoja wetu aliikariri shuleni: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Darasani tunaambiwa inaonya dhidi ya sifa zinazolevya. Ni sawa. Lakini methali hii ina sharti ambalo walimu wetu hawalitaji: lazima awepo mtu anayeweza kutambua kwamba tembo limetiwa maji. Bila mwonjaji stadi, mgema hana wa kumwaibisha na methali haina maana. Waliotunga usemi huu walikuwa na jamii ya wajuzi wa ladha kabla hatujasikia habari za Midleton.

Najua pingamizi litakalotolewa. Kwale ni nyumbani kwa Waislamu wengi, na wapo watakaouliza kwa nini jarida la chama chetu lishughulike na vileo. Mimi ni mzaliwa wa Kombani na sinywi tembo wala wiski. Hata hivyo neno halilevyi. Msamiati wa ugema ni elimu ya mti, ya kisu, ya saa na ya pua, na anayeuandika halazimiki kunywa hata tone. Tukiuacha kwa sababu ya haya, tutakuwa tumetupa nazi pamoja na makumbi yake.

Hatari iliyopo ni ya kweli. Wagema wanaoijua kazi hii kwa undani ni wazee, na vijana wengi hawataki kukwea. Mgema akifa, jina la kila pigo la kisu na la kila chombo, kwa Kidigo, Kiduruma au Kiswahili, hufa naye. Napendekeza kwa walimu wetu kwamba mwanafunzi wa isimu au fasihi anayetoka pwani aruhusiwe kufanya utafiti wake chini ya mnazi, daftari mkononi, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa ya kitaaluma kama nyingine yoyote. Waayalandi hutunza mapipa yao kwa miaka 12. Tembo letu halina pipa la kulihifadhi. Linaloweza kuhifadhiwa ni maneno yake tu.